Kenge wa Duluti

Kosa langu lilikuwa kumtambia shemeji kwamba mimi ni mtu wa Ukerewe. Kuzaliwa kisiwani ni kweli. Kwamba safari zangu zote za majini nilizifanya kwenye meli ya Mwanza na Nansio, nimelala juu ya magunia ya machungwa, hilo sikulisema.

Basi shemeji alipotoka Dodoma kuja kututembelea Arusha, nikampeleka Duluti, lile ziwa dogo la kreta pale Tengeru, msitu umelizunguka na maji yametulia kama uji uliopoa. Mgogo wa watu, maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya lambo la ng'ombe. Mwongozaji akatuvisha majaketi ya kujiokolea, akatuhakikishia humo hamna kiboko wala mamba, kisha akauliza nani amewahi kupiga kafi. Nikacheka. "Mdogo wangu, mimi Mkerewe." Akanipa nafasi ya nyuma, ya mwenye kuongoza mtumbwi.

Dakika 10 nzima tulizunguka palepale kama pia. Nilikuwa napiga upande wa kulia tu, kwa nguvu zangu zote. Shemeji akageuka kwa adabu: "Samahani shemeji, ukipiga na upande wa pili si utanyooka?" Nikamjibu kwamba mkondo ni mkali. Duluti haina mkondo. Hata mnandi aliyekuwa juu ya gogo, mabawa kayaanika kama nguo za bweni, alitutazama kwa huruma.

Kuzunguka huko kukatupeleka chini ya matawi ya ukingoni, na juu ya tawi moja kenge mkubwa alikuwa anaota jua. Kenge akishtuka juu ya maji, hashuki, anajitupa. Pwaa! Maji yakanijaa usoni, na nilipofumbua macho niliona mkia tu unaishilia.

"Mamba! Shemeji, mamba!"

Nikasimama. Kwenye mtumbwi! Mtoto wa miaka minne wa Ukerewe hafanyi hivyo.

Huko majini nilimwita mama yangu kwa Kikerewe, kisha mama mkwe kwa Kiswahili. Shemeji alishika mtumbwi kwa mkono mmoja, ukosi wangu kwa mwingine, akapiga miguu mpaka kwenye mizizi. Umejifunzia wapi kuogelea? "Lamboni, shemeji."

Mwongozaji akatufikia na mtumbwi wake, kajikaza asicheke, akashindwa. "Mzee, yule kenge tu."

Shemeji, ambaye tangu nimuoe dada yake hajawahi kunivunjia heshima, akakamua shati lake taratibu. "Wanasema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo," akasema. "Leo mamba hakuja."

Simu yangu imebaki ziwani. Yake alikuwa ameifunga kwenye mfuko wa nailoni kabla hatujapanda, na mimi nikamcheka kwa ushamba. Ikaita tukiwa ndani ya daladala, hata Tengeru hatujaiacha, maji bado yananichuruzika kwenye kiti na konda kaninunia. Akasikiliza, akanipa.

"Dada huyo. Anamtaka Mkerewe."