Motoni kwa Dante, chini kabisa ni barafu

Kwa Kiswahili, mtu akitaka kuitaja jehanamu husema tu "motoni", na kila mtu ameelewa. Dante Alighieri, mshairi wa Firenze aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 14, angekubaliana nasi nusu nusu. Katika Inferno, sehemu ya kwanza ya utenzi wake mkubwa ambamo yeye mwenyewe anasafiri kutoka jehanamu, kupitia Toharani wanakotakaswa waliotubu, hadi Paradiso, moto upo wa kila namna: unanyesha taratibu juu ya mchanga, unawaka ndani ya makaburi yaliyo wazi, unalamba nyayo za mapapa wa Roma waliochomekwa shimoni vichwa chini. Lakini ukishuka mpaka kitako cha shimo, moto umekwisha. Ni ziwa lililoganda, na katikati yake Shetani mwenyewe amenasa mpaka kifuani. Ana mabawa sita, anayapiga bila kupumzika, na upepo wa mabawa hayo ndio unaoligandisha ziwa linalomshika.

Picha hiyo husahaulika watu wanapomshtaki Dante. Shtaka ni la zamani na si la kipuuzi: kwamba huyu ni mtu aliyefukuzwa kwao mwaka 1302, akatangatanga ugenini hadi alipofia Ravenna mwaka 1321, na katika kutangatanga huko akajenga jela ya maneno awafungie aliowachukia. Ushahidi upo. Katika wimbo wa 8, Filippo Argenti, mtu wa mji wake, anaibuka kwenye tope la Styx, kinamasi cha jehanamu, na Dante anamwambia kiongozi wake Virgilio, mshairi wa Kirumi wa kale, kwamba angependa kumwona akizamishwa humo. Anatimiziwa, na anamshukuru Mungu. Papa Bonifasi VIII, aliyekuwa bado hai mwaka 1300 ambao safari hii inadaiwa kufanyika, tayari ametengewa shimo lake. Baya zaidi ni wimbo wa 33. Mtawa Alberigo, aliyewaalika jamaa zake chakulani akawaua, anaomba atolewe barafu iliyomganda machoni. Dante anaahidi, anapata habari aliyoitaka, kisha anaondoka bila kunyoosha mkono, akisema kwamba kumfanyia mtu huyo ufidhuli ndiyo adabu. Ahadi imevunjwa, tena katika ziwa la wasaliti. Hapo sina la kumtetea.

Hata hivyo neno "kisasi" halitoshi kulieleza shairi zima. Neno la Dante mwenyewe ni contrapasso, yaani adhabu inayofanana na kosa, nalo analitumia mara moja tu, tena mdomoni mwa mtu anayetembea na kichwa chake mkononi kama taa. Ni Bertran de Born, mshairi aliyemgombanisha mfalme wa Uingereza na mwanawe. Aliwatenga watu wa damu moja, naye ametengwa kichwa na kiwiliwili. Kiswahili kina neno linalokaribia: malipo, ambalo lina ujira na adhabu kwa pamoja. Wapiga ramli waliotaka kuona yaliyo mbele vichwa vyao vimegeuziwa nyuma, na machozi yanawatiririka mgongoni. Wanafiki wanajikokota ndani ya majoho yanayong'aa dhahabu kwa nje, na kwa ndani ni madini ya risasi tupu. Hawahitaji shetani wa kuwachapa. Walilichagua joho wenyewe zamani, uzito wake tu ndio umejitokeza sasa.

Francesca da Rimini, anayerushwa na dhoruba pamoja na shemeji yake Paolo, anasema kwa sauti tamu kiasi kwamba Dante anazimia. Lakini msikilize vizuri. Anasema mapenzi ndiyo yaliyomshika, na kitabu cha hadithi walichokuwa wakisoma ndicho kilichokuwa kuwadi. Kila kitu kina hatia isipokuwa yeye. Alipokuwa hai alibebwa, na bado anabebwa.

Sasa kuna hesabu moja ambayo siwezi kuiacha. Inferno ina nyimbo 34. Zinaa, ambayo wahubiri wengi wangeipa nusu ya kitabu, imepewa wimbo mmoja. Ulafi, mmoja. Kuanzia wimbo wa 18 hadi wa 34, yaani nyimbo 17, nusu kamili, tumo miongoni mwa wadanganyifu na wasaliti. Virgilio anaeleza sababu katika wimbo wa 11, akiwa na Aristotle nyuma yake: tamaa na nguvu hata mnyama anazo, lakini ulaghai ni uovu wa binadamu peke yake, kwa kuwa unaitumia akili. Isitoshe, unakata ile kamba ya upendo ambayo maumbile yamewafungia watu wote. Ndiyo maana Attila, mfalme wa Wahuni, pamoja na madhalimu wenzake wanaochemka katika mto wa damu, yuko juu ya watu wa kusifia sifia, ambao Dante amewatumbukiza kwenye kinyesi. Kwa lugha ya mtaani ya leo, chawa yuko chini ya muuaji. Mara ya kwanza nilipousoma mpangilio huo niliuona umepinda. Siku hizi nauona umepinda kidogo tu.

Tazama waliouza vyeo na kula mlungula wakiwa madarakani. Hao wana nyimbo mbili nzima, ya 21 na ya 22, mara mbili ya wazinzi. Wamezamishwa katika lami inayochemka, ambayo Dante anaifananisha na lami ya karakana ya meli ya Venezia, pale mafundi wanapokalafati vyombo wakati wa baridi. Msomaji wa pwani anainusa harufu yake mara moja. Anayeletwa hapo anatoka Lucca, na shetani anayembeba anatania kwamba kwao, pesa ikitoka, hapana hugeuka ndiyo. Mwenye dhambi akithubutu kuinua mgongo, mashetani wanamdidimiza kwa kulabu wakimwambia acheze ngoma yake chini ya kifuniko, aibe kwa siri kama atapata cha kuiba. Sijui kama kuna maelezo mafupi kuliko hayo ya rushwa ilivyo: inanata, inaficha, na aliyezama haonekani.

Sasa kumbuka kosa ambalo Firenze ilimhukumia Dante. Tarehe 27 Januari 1302, baada ya kuwa mmoja wa wakuu wa mji kwa miezi miwili ya mwaka 1300, alitiwa hatiani kwa hilo hilo, akatozwa faini ya florini 5,000. Machi 10 ikaamuliwa kwamba akikamatwa achomwe moto mpaka afe. Wanaomshtaki husema, haya, si hicho kisasi chenyewe? Mimi naona kinyume. Mwenye kisasi angemtumbukiza hakimu wake kwenye lami kwa jina lake kamili. Hakimu hatajwi. Hukumu haitajwi wala hakanushi lolote. Dante anajichora amejibanza nyuma ya jabali, akitetemeka, na baadaye mashetani wanagombana hadi wawili wanatumbukia wenyewe. Mtu aliyeitwa mla rushwa mbele ya mji mzima amepita kando ya lami hiyo akiogopa kulabu kama mtu mwingine yeyote.

Kuna jambo jingine ambalo wanaosoma Inferno peke yake hawalioni. Guido da Montefeltro, jemadari aliyekuja kuwa mtawa, alimpa Papa ushauri wa hila baada ya kuahidiwa msamaha kabla ya kosa. Alipokufa, shetani alimchukua kwa hoja kavu: huwezi kutubu jambo na kulitaka kwa wakati mmoja. Mwanawe Buonconte aliuawa vitani Campaldino mwaka 1289, mtenda dhambi hadi saa ya mwisho, lakini tunamkuta Toharani, ameokolewa na kichozi kimoja, na shetani amebaki akilalamika. Kwa hiyo ukubwa wa dhambi si ndio unaoijaza jehanamu hii. Walio chini ni wale ambao hawajageuka.

Utetezi wangu una mwisho wake. Wimbo wa 28 unamweka Mtume Muhammad na Ali miongoni mwa wapanda mafarakano, kwa dhana ya Ulaya ya wakati ule kwamba Uislamu ni kipande kilichomeguka kutoka Ukristo. Muislamu akikifunga kitabu hapo namwelewa. Contrapasso ina maana pale tu tendo linapokuwa la kweli, na hapa historia yenyewe ni ya uongo. Ajabu ni kwamba mshairi huyo huyo amewapa Salah ad-Din, Ibn Sina na Ibn Rushd mahali pa heshima Limbo, mzingo wa kwanza wa jehanamu waliko watu wema wasiobatizwa, pamoja na wenye hekima wa kale.

Na Limbo ndiyo inayonisumbua zaidi. Hakuna mateso pale, ila wanatamani bila matumaini, na hawakutenda kosa ambalo hali hiyo ingekuwa malipo yake. Dante alilijua hilo. Katika wimbo wa 19 wa Paradiso linaletwa swali lake mwenyewe: mtu amezaliwa kando ya mto Indus, ambako hakuna wa kumsimulia habari za Kristo, na matendo yake yote ni mema, akifa bila ubatizo, haki ya kumhukumu iko wapi? Anajibiwa: wewe ni nani uketi kitini kuhukumu yaliyo mbali maili elfu, na macho yako yanaona shubiri moja? Ni jibu la kumnyamazisha mtu, si la kumridhisha. Wakati huo Virgilio, aliyemwongoza njia yote kupita lami na barafu, ameshaondoka. Alitoweka juu ya mlima wa Toharani bila kuaga, na mahali pake ni Limbo.