Ukweli Kuhusu Barafu, Kanga na Yule Mzee wa Banff

Kwa kuwa shoga yangu amekwisha kuitangaza habari hii katika makundi matatu ya WhatsApp, mojawapo likiwa la ukoo wetu, na kwa kuwa juzi shangazi yangu alinipigia simu kutoka Tanga saa tisa ya usiku wa hapa Calgary kuniuliza kama ni kweli nimempiga mzee wa Kizungu jiwe la kisogo, naona sina budi kueleza mambo yalivyokuwa. Jiwe halikuwapo. Mzungu hakuwapo. Mzee, kwa masikitiko yangu, alikuwapo.

Safari yenyewe aliipanga yeye. Alisema haiwezekani nimekaa Kanada miaka sita na Milima ya Rocky naiona dirishani tu, kwa hiyo Jumamosi tungetoka alfajiri, asubuhi tukatembee katika korongo la Johnston kutazama maporomoko ya maji yaliyoganda, jioni tukaloweke mifupa katika chemchemi ya maji moto iliyo juu ya mji wa Banff, na usiku tulale majumbani mwetu, maana kutoka Calgary hadi Banff ni kama kilomita 130 tu. Tulipoondoka, kipimajoto cha gari kilionyesha nyuzi 22 chini ya sifuri. Nilimwuliza kama kimeharibika, akaniambia nifunge mlango.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mdomo. Nilikuwa nimejisomea habari za mahali pale siku mbili mfululizo, basi njia nzima nikawa mwalimu asiyeombwa kufundisha. Nilimweleza kwamba mwaka 1883 wafanyakazi watatu wa reli waliikuta chemchemi ya maji moto pangoni, kwenye ubavu wa mlima unaoitwa Sulphur, yaani Mlima wa Kiberiti, ingawa wenyeji wa kabila la Stoney Nakoda walikuwa wakiyajua maji hayo kabla reli haijafikiriwa. Kwamba mwaka 1885 serikali ilitenga eneo lile, na hapo ndipo ilipoanzia hifadhi ya kwanza ya taifa ya Kanada. Kwamba maji ya mvua na theluji huzama katika nyufa za miamba, hupata joto huko chini ardhini, kisha hupanda tena yakiwa yamebeba madini na harufu ya yai viza. Shoga yangu aliongeza sauti ya redio. Nami nikaongeza yangu, nikamkumbusha kwamba mimi ni mtoto wa Tanga, kwamba bibi yangu alinipeleka Amboni kwenye maji ya Galanosi nikiwa na upele wa kushindikana, na kwamba katika mambo ya maji ya kiberiti hakuna Mkanada wa kunifundisha kitu. Maneno hayo ninayakumbuka neno kwa neno kwa sababu ameyanukuu katika makundi yote matatu.

Kosa la pili lilikuwa la viatu. Pale korongoni watu hufunga chini ya viatu vyao vidude vya mpira vyenye meno ya chuma, ili meno hayo yaume barafu. Shoga yangu alikuwa na vyake, na akaniletea vya mumewe. Nikavikataa, kwa hoja kwamba buti zangu ni mpya na zimeandikwa kwenye boksi kuwa ni za majira ya baridi. Kwenda hakukuwa na tatizo. Njia nyingine ni daraja la chuma lililopachikwa kwenye ukuta wa mwamba, unaishika reli unasonga, mto unaguguna chini ya barafu, na ukifika kwenye maporomoko ya chini, mwendo wa zaidi kidogo ya kilomita moja, unakuta maji yamesimama kama mapazia, yana rangi ya buluu ya ile sabuni ya mche. Nilipiga picha arobaini. Nilisema "Subhanallah" mara kadhaa. Kisha tukageuka kurudi, na kurudi ni kuteremka.

Sikuanguka, na hili naomba lieleweke. Nilikaa. Miguu ilitangulia mbele yangu bila kuniaga, makalio yakapokea zamu, na safari ikaendelea kwa kasi ambayo sijawahi kuifikia nikitumia miguu. Nilimpita baba aliyembeba mtoto mgongoni. Niliupita msafara wa watalii waliokuwa wakipanda kwa mstari mmoja, na kiongozi wao, mtu mwenye uzoefu, aliinua mkono, wote wakajibana ukingoni kunipisha kama inavyopishwa ambulensi. Mtoto yule alipiga makofi. Niliposimama, theluji imenijaa hadi ndani ya mikono ya koti, nikatazama juu nikamwona shoga yangu ameikumbatia reli kwa mikono miwili, anacheka mpaka machozi yamemganda kwenye kope. Sitii chumvi, yaliganda. Alikuwa na vijipunje vyeupe machoni kama bibi harusi aliyetiwa nakshi.

Hapo ndipo nilipoapa moyoni kwamba jua halitazama kabla sijalipa. Wafuasi wangu wa Pwani mnanielewa. Wa bara, niacheni tu.

Tulifika kwenye maji moto magharibi, taa zimekwisha kuwashwa. Bwawa lenyewe liko wazi, halina paa, limezungukwa na miti ya misonobari, mita 1,585 juu ya usawa wa bahari, na maji yake huwa kati ya nyuzi 37 na 40, kwa hiyo fanyeni hesabu wenyewe: ndani ya maji ni chai, nje ya maji ni jokofu la samaki. Nilipofungua begi nikagundua kwamba nimepakia sambusa kumi na mbili, chupa ya tangawizi na kanga doti moja, ila vazi la kuogelea nimelisahau kitandani. Bahati nzuri, au mbaya, pale wanakodisha mavazi ya kuogelea, yakiwamo yaliyoshonwa kwa mtindo wa miaka ya 1930. Nilipewa la namna hiyo. Nilipojitazama kwenye kioo nikamwona marehemu babu yangu siku alipopigwa picha na fulana yake ya ndani.

Nikaona nijisitiri. Nilioga kwanza, kama inavyotakiwa, nikajifunga kanga moja juu ya lile vazi lililolowa, nikaivua miwani na kuiacha kabatini kwa kuwa shoga yangu alisema itaganda, kisha nikatoka nje. Ule mwendo wa kutoka mlangoni hadi majini ni hatua chache, nami nilizipiga nikilia kama mbuzi. Kanga niliitundika ukingoni kwenye kigingi, nikajitosa. Ah, jamani. Kwa dakika ishirini nilisamehe dunia nzima. Nywele zilizochomoza kwenye kofia ziliingia umande, umande ukawa barafu, nikizigusa zinalia kach kach kama vijiti vya tambi kavu. Mvuke ulikuwa mzito mno, mtu aliye mita tatu mbali nawe ni kivuli chenye kofia.

Shikeni hapo, kwenye kofia. Shoga yangu alivaa kofia nyekundu ya sufu yenye jani jeupe mbele na kishungi cheupe juu, ambayo huuzwa kwenye kila duka la mji ule. Sasa ninajua maana ya maneno hayo, "kila duka". Wakati ule sikuyatafakari.

Niliiona kofia nyekundu ikielea kwenye kona, imenipa kisogo, mwenye nayo amezama hadi masikioni. Nikasogea ukingoni taratibu. Pale ukingoni palikuwa na theluji laini, nikaichota kwa mikono miwili, nikaifinyanga mpaka ikawa donge la ukubwa wa chungwa. Mikono iliniuma kama nimeishika pasi, lakini kisasi kina ganzi yake. Nikaanza kutembea kwa magoti ndani ya maji, donge nimeliinua juu ili lisiyeyuke, pua tu na donge vikiwa nje, na kila nilipopiga hatua nilisimama nione kama kofia imegeuka. Haikugeuka. Ilitikisika kidogo, kama mtu anayesinzia. Nikasogea tena. Kulikuwa na binti mmoja pembeni, mtu wa miaka ishirini hivi, aliyenitazama akafungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, nami, Mungu anisamehe, nikaweka kidole mdomoni mwangu kumwashiria anyamaze, nikamkonyeza.

Nikafika. Nikaivuta nyuma ya kofia kwa kidole kimoja. Nikaliona shingo, jeusi kama la kwangu na la shoga yangu, likanipa uhakika wa mwisho niliouhitaji. Nikalishindilia donge lote pale shingoni, nikalisugua kwa kiganja kulia na kushoto kama mtu anayekuna nazi, huku nikisema, kwa sauti ya mtu aliye na hakika kwamba katika milima yote ya Alberta hakuna anayemwelewa: "Cheka sasa! Si ulicheka? Cheka tena nikuone, pua kama mdomo wa birika!"

Yule mtu hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele. Alishusha pumzi ndefu, "hhhhaaaa", akanyoosha mgongo, na mabega yakaanza kutoka majini, yakatoka, yakaendelea kutoka, mapana kuliko mabega yoyote aliyowahi kuwa nayo shoga yangu. Akageuka polepole. Ndevu zilitangulia, nyeupe, ndefu, zimeganda ncha. Barafu nyingine iliyeyuka ikamtiririka kifuani. Akaipapasa pua yake kwa vidole viwili, toka juu hadi chini, kama mtu anayehakikisha habari aliyoisikia. Kisha akaniambia kwa upole mkubwa, kwa lafudhi ya Kongo ya mashariki:

"Mama, mi nasikia Kiswahili."

Wale mnaouliza kwa nini sikuomba radhi papo hapo, nawajibu kwamba niliomba. Nilifungua mdomo nikasema "shikamoo". Ndilo neno pekee lililokuja. Nimemtia mzee barafu shingoni, nimemtukana pua, kisha nikamwamkia. Akaitikia, "Marahaba, mama." Yule binti wa pembeni, ambaye kumbe ni mjukuu wake, alizama chini ya maji na hakurudi juu kwa muda ulionitia wasiwasi. Na kutoka upande wa pili wa bwawa, kule kwenye mvuke, nikakisikia kicheko ninachokifahamu, kicheko cha korongoni, kikitoka chini ya kofia nyekundu iliyo halali.

Nikakimbilia kanga. Naomba mjue kwamba kanga iliyolowa, ikiachwa nusu saa katika baridi ya namna ile, si nguo tena. Ni bati. Niliing'oa kwenye kigingi ikabaki na umbo lake, imesimama yenyewe na kona zimenyooka; nikijaribu kuikunja ilinigomea kwa mlio. Miguu nayo ilianza kushika sakafu. Basi nikafanya kilichowezekana, nikaishika mbele yangu kwa mikono miwili kama mlango wa bafu la uani, nikaanza kwenda kikaakaa kuelekea ndani, lile vazi la mwaka 1930 likinichuruzika nyuma. Nilikuwa nimesahau kwamba kanga ina maneno, na kwamba maneno yalikuwa yametazama bwawani. Nyuma yangu nikamsikia mzee akiyasoma taratibu, herufi kwa herufi, kwa sauti ya mtu asomaye tangazo ofisini:

"Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu."

Akacheka yeye. Mjukuu akacheka. Bwawa zima likacheka, hata wasiojua neno moja la Kiswahili. Mlango ulikuwa wa kuvuta, nami nilikuwa nausukuma.

Mengine ni machache. Nilijifungia chooni hadi nilipohisi wote wameondoka, kumbe muda huo shoga yangu alikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo anabadilishana namba za simu na yule mjukuu na kuwagawia sambusa zangu. Zote kumi na mbili. Njiani kurudi sikufundisha chochote. Kanga ilianza kuyeyuka kwenye kiti cha nyuma tulipokaribia Canmore.

Jana mzee ametuma salamu kwa sauti. Anasema shingo haijambo, pua ipo mahali pake, na kwamba yeye na mkewe wanatualika Jumapili hii tukale bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, nyumbani kwao. Shoga yangu amekwisha kujibu kwamba tutafika wote wawili, na kwamba mimi nitakuja na ile kanga, maana mama wa nyumba ameomba aione. Kwa hiyo siwaandikii ili mnipe pole. Nawauliza, hasa wenye adabu zao: mtu huingiaje katika nyumba ya mzee aliyemfanyia hivyo, hubeba nini mkononi, na je, ni vibaya nikimpelekea zawadi ya skafu?