Mjomba na Majani ya Watu

Mjomba alipotoka Bukavu kuja kututembelea Nashville, nilimpeleka kula kwa Wakurdi wa barabara ya Nolensville Pike. Hakuna mji Marekani wenye Wakurdi wengi kama huu. Walianza kufika miaka ya 1970 wakikimbia vita Iraki. Nilipomwambia hivyo, akawapenda kabla hajaona sahani. "Wakimbizi wenzetu hao. Lazima wanajua kupika."

Supu ya dengu na mikate ya moto vilipita salama. Kisha likaja sinia la yaprax, ile dolma: majani ya mzabibu yaliyoviringiwa wali na nyama ya kusaga, vitunguu na biringanya zilizojazwa vivyo hivyo, uchachu wa ndimu unanukia. Sufuria yote hupinduliwa kwenye sinia, kwa hiyo mbavu za kondoo zilizolala chini ndizo zinazoibuka juu. Nikaenda kunawa.

Narudi, namkuta Mjomba kakunja mikono ya shati, anabandua majani moja moja kama anayefungua kwanga, ule mkate wetu wa muhogo unaofungwa kwa majani. Wali anakula, jani anaweka pembeni.

"Mjomba, hilo jani linaliwa."

"Mwanangu, Marekani imekuharibu. Tangu lini mtu akala kwanga na jani lake?"

Mhudumu akaliona lile lundo, akadhani majani yametushinda. Kwa ukarimu wao, akatuletea sahani ya vile vitunguu vilivyojazwa tu. Mjomba akavimenya navyo.

Meza ya jirani alikaa mzee wa Kikurdi mwenye masharubu meupe, anatia yaprax kinywani nzima nzima. Mjomba akamwonea huruma. "Maskini, hana hata mtoto wa kummenyea." Kabla sijamdaka mkono, keshavuka, kashamsalimia kwa heshima zote, kavuta kiti, anammenyea.

Mkahawa mzima kimya. Mimi nimejificha nyuma ya bilauri ya mastaw, mtindi wa maji na chumvi, nagugumia tu.

Mzee akaitazama yaprax yake iliyovuliwa nguo. Akacheka mpaka akakohoa. Akachukua nyingine, na jani lake, akamlisha Mjomba kwa mkono wake mwenyewe. Sasa utaitemaje mbele ya mtu aliyekuzidi umri? Mjomba akatafuna. Akasita. Akatafuna tena, halafu akanigeukia kwa hasira:

"Mbona hukuniambia?"

Akarudi mezani, akalivuta lile lundo, akaanza kula majani matupu. Mhudumu alipokuja kuondoa sahani, Mjomba akaizuia kwa kiwiko.