Masomo ya Ziada: Faida Yake Inatoka Wapi?

Mjadala kuhusu masomo ya ziada, ambayo wengi huyaita tuisheni, hukwama mara nyingi kwa sababu pande mbili hutumia jina moja kwa mambo mawili tofauti. Anayeyatetea huwa anamfikiria mwalimu aliyeketi na mtoto mmoja, akimfuata hatua kwa hatua katika hesabu anayoikokotoa. Anayeyapinga huwa anafikiria chumba kilichojaa watoto waliochoka, wakinakili majibu ya mitihani iliyopita hadi usiku. Yote mawili yapo, na yote mawili hulipiwa, lakini ushahidi unaotajwa kutetea la kwanza hauwezi kuhamishiwa kwa la pili.

Nguvu ya mwalimu mmoja kwa mtoto mmoja inaonekana katika kosa dogo tu. Mtoto ameambiwa atafute 52 kutoa 37, akaandika 25. Mwalimu mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha ataweka alama ya kosa na kuandika 15 pembeni, naye mtoto atainakili. Aliyeketi kando yake atamwomba aeleze alivyofanya, na hapo ndipo atakapogundua kwamba katika kila safu mtoto anatoa tarakimu ndogo katika ile kubwa: 2 katika 7 inabaki 5, 3 katika 5 inabaki 2. Mtoto huyu si mvivu, wala hakubahatisha. Ana kanuni aliyojitungia mwenyewe, anaifuata bila kuyumba, na itamwangusha kila hesabu itakapomtaka akope kutoka safu ya makumi. Asipopata mtu wa kumsikiliza, ataingia nayo katika desimali na aljebra, na kufikia wakati huo yeye na wazazi wake watakuwa wameshaamini kwamba hesabu si fungu lake. Kwa maoni yangu, hii ndiyo faida kuu ya masomo ya ziada, na nyingine nyingi zinazotajwa, kama kujiamini au kupenda somo, huzaliwa na hii.

Utafiti unaunga mkono jambo hilo, ingawa si kwa kiwango kinachotangazwa. Mwaka 1984 Benjamin Bloom, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, aliripoti kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa peke yake na mwalimu aliwapita takriban asilimia 98 ya wanafunzi wa darasa la kawaida. Majaribio hayo yalikuwa ya muda mfupi, na wanafunzi walipimwa na kurekebishwa makosa mara kwa mara kabla ya kuruhusiwa kuendelea mbele. Andre Nickow, Philip Oreopoulos na Vincent Quan walipounganisha matokeo ya majaribio 96 mwaka 2020, faida waliyoipata ilikuwa ndogo zaidi: ni kama kumchukua mtoto wa katikati, anayewazidi wenzake 50 kati ya 100, na kumfikisha pale atakapowazidi takriban 64. Hiyo bado ni hatua kubwa, kwa kuwa ni programu chache za elimu zinazofikia kiwango hicho.

Hoja za upande wa pili ni nzito, na iliyo nzito kuliko zote inahusu haki. Masomo haya yakiwa bidhaa, mwenye fedha huyapata hata kama mwanawe hayahitaji, na asiye nazo huyakosa hata kama mwanawe anayahitaji sana. Serikali kadhaa zimejaribu kutibu hali hiyo kwa marufuku. Korea Kusini iliyapiga marufuku mwaka 1980, lakini familia zenye uwezo ziliendelea kwa siri, na mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ikaibatilisha marufuku hiyo. China nayo, mwezi Julai 2021, ilizuia kampuni kutengeneza faida kwa kufundisha masomo ya msingi kwa watoto walio katika elimu ya lazima. Naielewa nia ya hatua hizo, lakini hazigusi chanzo. Mtihani mmoja ukiendelea kuamua nani apate nafasi chache za masomo ya juu, mzazi atatafuta njia ya kumsaidia mwanawe, iwe halali au ya kificho, na njia ya kificho huwa ghali zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo sioni namna ya kulitetea. Mwalimu anapowafundisha kwa malipo wanafunzi wale wale anaowafundisha darasani, anapata sababu ya kubakiza sehemu ya somo kwa ajili ya jioni. Mtafiti Mark Bray, aliyefuatilia masomo ya ziada katika nchi nyingi, ameonya juu ya hatari hiyo. Hapo mzazi hanunui tena msaada, bali anakomboa somo ambalo mwanawe alistahili kulipata darasani. Hata pale ambapo walimu wengi ni waadilifu, mpango huo unawaweka katika majaribu yasiyo ya lazima, na kuuzuia ni halali kabisa.

Suala la muda halina utata mwingi. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa siku kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, na kipindi kinachomega saa hizo kinamrudisha mtoto darasani kesho yake akiwa hawezi kusikiliza.

Mapitio yale ya mwaka 2020 yana jambo linalozigusa pande zote mbili: masomo ya ziada yalileta matokeo makubwa zaidi pale yalipofanyika ndani ya saa za shule kuliko baada ya masomo, na pale yalipotolewa na walimu au wasaidizi waliofunzwa kuliko na watu wa kujitolea au wazazi. Katika mpango wa aina hiyo, mtoto wa 52 kutoa 37 hutambuliwa na mwalimu wake wa darasa, hutolewa darasani pamoja na wenzake wawili au watatu mara kadhaa kwa juma, kisha hurudi darasani kosa likishaondoka, bila mzazi kudaiwa chochote. Uingereza ilianza kugharimia mpango mkubwa wa namna hiyo mwaka 2020, baada ya shule kufungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na ruzuku yake ikakoma mwaka 2024. Mpango kama huo unahitaji walimu wengi na ni mgumu kuupanua bila kuupunguzia ubora, lakini ndio ambao ningependa bajeti za elimu zianze nao, kwa kuwa unamfikia kwanza mtoto aliyekwama, awe na mzazi wa kumlipia au asiwe naye.