Galop: dansi imeazima nini kwa farasi?

Mfaransa akisema galop, huenda anazungumzia farasi, huenda anazungumzia dansi ya wawiliwawili iliyovuma Vienna na Paris tangu miaka ya 1820. Kwa Mrusi ni hivyo hivyo, na Mjerumani ana Galopp yake inayobeba yote mawili. Mwitaliano humwachia farasi galoppo, na dansi kwa kawaida huiita galop kwa Kifaransa. Mwingereza naye huandika gallop ya farasi kwa l mbili na galop ya dansi kwa l moja: ile ya farasi anayo tangu zama za kati, ile ya dansi ilimfikia katika karne ya 19.

Wengi wanaoeleza jina hili husema limetokana na kasi tu. Hoja yao ina nguvu. Muziki wa galop huhesabiwa mbili kwa nne, yaani mapigo mawili kwa kila bari (kipande kimoja cha hesabu ya muziki), ilhali mwendo ambao Mfaransa anauita galop una mapigo matatu ukiwa wa wastani: mguu mmoja wa nyuma, kisha jozi ya mshazari (mguu wa nyuma wa upande mmoja na wa mbele wa upande mwingine) kwa pamoja, kisha mguu wa mbele unaoongoza, halafu farasi yuko hewani. Akienda shoti kamili, ile jozi huachana na mapigo huwa manne. Hakuna popote hapo panapolingana na mbili kwa nne. Aidha, Wajerumani waliwahi kuiita dansi hiyo Hopser, yaani ya kurukaruka, na Rutscher, ya kuteleza, bila kumtaja farasi.

Lakini hoja hiyo husikiliza bendi na kusahau miguu. Katika galop mguu mmoja hutangulia muda wote na mwingine huufukuza bila kuupita. Mwanamume huteleza upande kwa mguu wa kushoto, mwanamke kwa wa kulia. Mguu wa pili huja kwa kiruko kidogo na kuusukuma ule wa kwanza uondoke. Kuteleza huchukua sehemu kubwa ya pigo, kufunga huchukua ncha yake. Hiyo refu-fupi, refu-fupi, haipatikani kwenye mwendo wa farasi uitwao matiti, ambao jozi za mshazari hupokezana sawasawa. Farasi aendaye galop ana mguu unaoongoza. Aendaye matiti hana.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye kugeuka. Mtindo wa mateleza manne hujaza bari mbili: teleza-funga mara tatu, kisha teleza la nne lisilofungwa, wawili wakizunguka nusu duara ili mguu mwingine ushike uongozi. Wanaoanza hulifunga na la nne. Uzito hurudi mguu ule ule wa awali, nusu duara inakwama, na jozi iliyo nyuma inawagonga. Kosa jingine ni hatua pana mno: mguu unaofukuza huchelewa, kiruko kinapotea, dansi inakuwa kukimbia ubavuubavu. Mpanda farasi analijua tatizo hili kwa sura yake: farasi asiyezoezwa akikata kona ya kushoto huku mguu wa kulia ukiongoza, hupoteza mizani, na dawa ni kumbadilisha mguu.

Kwa hiyo naegemea upande wa miguu, ingawa Hopser na Rutscher, ambayo nayo ni majina ya miguu, yanaonyesha kwamba dansi iliweza kuishi bila farasi.

Asili ya neno lenyewe nayo ina mvutano. Maelezo yanayokubalika zaidi yanalirudisha kwa Wafranki, kabila la kale la Kigermaniki, katika kitenzi chenye maana ya kukimbia vizuri. Wengine husoma silabi ya kwanza kama uwanja wa vita. Lisilo na ubishi ni sauti ya mwanzo. Kaskazini mwa Ufaransa w ya Wafranki ilibaki, Paris ikawa g. Waingereza walichukua zote mbili, na wallop yao, iliyoanza kama mbio za farasi, leo ni kipigo kikali.