Mwenye machozi ya karibu, huku na nyumbani

Nyumbani, mtoto akililia jambo ambalo wenzake wamelipuuza, anaambiwa ajikaze. Huku ughaibuni anapelekwa chumbani kwake atulie, mlango unafungwa. Mimi ni mtu mwepesi wa kuguswa tangu utotoni, nimeishi pande zote mbili, na kwa maoni yangu zote zinampunja mtoto huyo, ingawa kila upande una kitu ambacho mwenzake hana.

Watu wa aina hii mnawajua. Ni yule anayeshtuka mlango ukibamizwa, anayechoka sherehe ikiwa ndiyo kwanza inachangamka, anayeambiwa neno moja kali likamkaa kifuani siku nzima. Ndiye huyo huyo anayejua leo mama hayuko sawa kabla mama mwenyewe hajafungua mdomo. Watu wanalikumbuka la kwanza na kulisahau la pili, wakati yote yanatoka chemchemi moja.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, na mumewe Arthur Aron walichapisha utafiti juu ya hulka hii mwaka 1997, pamoja na dodoso la maswali 27 la kuipima. Si ugonjwa, wala si ukosefu wa malezi. Ni namna ubongo unavyopokea mambo na kuyatafakari kwa kina kuliko kawaida. Si lazima mtu awe mkimya pia, maana wapo wengi wanaopenda watu na mazungumzo. Utafiti wa mapacha uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu katika jambo hili inatokana na urithi. Kwa hiyo unapomwambia mtoto ajikaze, kwa sehemu kubwa unamwambia aache kuwa alivyozaliwa.

Nianze na mazuri ya huku. Ofisini kwetu kulikuwa na taa ya mrija juu ya meza yangu, inavuma mvumo mwembamba kama mbu asiyetua. Wenzangu hawakuusikia. Mimi ilipofika mchana kichwa kilikuwa kimejaa, barua moja naisoma mara mbili mbili. Nikamwambia msimamizi. Hakunicheka wala hakuniuliza kama naumwa. Kesho yake nikakuta meza imehamishiwa pembeni, karibu na dirisha. Nilipokuwa nafanya kazi nyumbani niliwahi kuomba kukaa mbali na mashine yenye kelele, nikajibiwa kwamba nadeka. Hilo nawapongeza watu wa huku kwa dhati: mtu akisema kelele zinamchosha, anaaminika.

Lakini huku ukishapewa kona yako, umepewa kona. Unachokiona ukiwa pale hakuna anayekihitaji. Mwenzetu mmoja alirudi likizo sauti imebadilika, anaishusha mwisho wa kila sentensi. Nilipomuuliza alisema yuko sawa, na wengine wakanishauri nisiingilie mambo ya watu. Pengine walikuwa na haki, kwa taratibu za huku. Ila mtu mwenye hulka hii akikaa miaka anaona na kunyamaza, anaona na kunyamaza, anazeeka na upweke ambao hata yeye hajui ameupataje.

Nyumbani haikuwa hivyo. Bibi yangu alipopata kiharusi hakuweza tena kusema. Mimi, mtoto wa shule, ndiye niliyegundua kwamba kabla maumivu hayajamzidi huwa anashika pindo la shuka kwa vidole viwili na kulisokota. Uso wake ulikuwa haubadiliki hata kidogo. Ni vile vidole tu. Nikamwambia shangazi. Tangu siku hiyo, kabla ya kumpa dawa ya maumivu, shangazi alikuwa ananiita: "Njoo umtazame bibi yako, wewe unamsoma." Sijawahi kuthaminiwa hivyo mahali popote.

Bibi alipofariki, shangazi huyo huyo alinikuta nalia uani akaniambia nijikaze, mtoto wa kiume halii. Simlaumu, naye alikuwa na msiba wake. Ila nyumbani ndivyo tulivyo: wepesi wa mtu kuhisi tunautumia ukitufaa, ukimuumiza mwenyewe tunamwambia aufiche.

Na thamani hii inaweza kupotea. Mwanasaikolojia Xinyin Chen na wenzake walilinganisha watoto wa jiji la Shanghai, China, na wa Kanada katika utafiti uliotoka mwaka 1992. Watoto wenye haya na wepesi wa kuguswa walikataliwa na wenzao kule Kanada, lakini Shanghai walipendwa na hata kuonekana wanafaa kuongoza. Watafiti walipopima kundi jingine la watoto wa Shanghai mwaka 2002, jiji likiwa limeingia kwenye ushindani wa soko, watoto wa aina ile ile walikuwa wameanza kutengwa. Hilo linanitia hofu kwa nyumbani, kwa kasi tunayoenda nayo.

Wazazi wenzangu wa ughaibuni wana hofu nyingine, kwamba kumlea mtoto hivi kwa upole kutamharibu. Wanasaikolojia Michael Pluess na Ilona Boniwell walichapisha mwaka 2015 matokeo ya programu ya kukinga sonona katika shule moja ya wasichana London. Wasichana wepesi wa kuhisi ndio ambao dalili zao za sonona zilipungua. Wale wasio wepesi wa kuhisi haikuwabadilisha. Kumbe mtoto anayeumizwa haraka na ubaya ndiye pia anayenufaika zaidi na wema. Malezi mazuri kwake hayaendi bure.

Nina mpwa nyumbani, machozi yake yako karibu kama yangu. Nimemwomba dada yangu mambo mawili: akirudi shule aachwe kwanza peke yake kabla ya maswali na kazi, na akisema ameona kitu kwa mtu, asikilizwe mpaka mwisho. La pili dada amekubali, tena anasema limeshamsaidia na jirani yao mgonjwa. La kwanza bado tunabishana kwenye simu, na sina mpango wa kuliacha.