Safari ya Lima na Hotpoti ya Pilau

Shemeji yangu aliendesha bodaboda mjini Tanga kwa miaka mingi kabla hajahamia jimbo la Ohio, Marekani, na kwa sababu hiyo haamini kuwa duniani yupo mtu wa kumfundisha jambo lolote linalohusu pikipiki. Nilipomweleza kwamba katika mji wa Lima, humu humu Ohio, mwishoni mwa Juni, kuna mbio za fleti traki ambazo waendeshaji wake huzunguka uwanja wa udongo wakiteleza ubavu, wakipinda kushoto tu, juu ya pikipiki zisizo na breki ya mbele, alinisikiliza kwa upole mpaka nikamaliza. "Shemeji," akasema, "mimi nimewahi kutoka Pongwe mpaka Ngamiani bila breki ya mbele wala ya nyuma, nimepakia abiria wawili na gunia la mkaa, na hakuna aliyekata tiketi kuja kunitazama." Hata hivyo alikubali kwenda, kwa sharti kwamba tubebe chakula cha nyumbani, kwa kuwa hakuwa tayari kula soseji za uwanjani ambazo hakuna awezaye kumhakikishia zimetokana na mnyama gani.

Sharti hilo ndilo lililozaa yote yaliyofuata. Wakati huo mama mkwe alikuwa ametutembelea kutoka Tanga, na ndani ya sanduku lake, mahali ambapo wasafiri wengine huweka nguo, alikuwa ameweka ungo. Jioni ya kuamkia safari aliumimina mchele wa basmati tulioununua kwenye duka la Wahindi hapa Columbus, akavaa miwani, akaanza kuchambua. Alichambua mpaka taarifa ya habari ikaanza na ikaisha, asipate jiwe, wala chuya, wala punje moja ya mpunga. Badala ya kufurahi, aliingiwa na mashaka. Alisema kwamba mchele uliotoka shambani hauwezi kukosa alama ya shamba, na kwamba mchele usio na jiwe hata moja ama umetengenezwa kiwandani ama kuna mtu anaficha jambo. Mke wangu akamweleza kwamba siku hizi kuna mitambo yenye kamera inayotambua jiwe na kulipuliza kando kwa hewa. Mama mkwe akauliza, basi mawe yote hayo hupelekwa wapi. Swali hilo mpaka leo naliona ni la msingi.

Alfajiri akaipika pilau kwa moyo mzito, lakini mkono wake haukujua habari za moyo. Ilikuwa na nyama ya mbuzi, mdalasini wa vijiti, iliki nzima, karafuu na pilipili manga zisizosagwa, na ilipoingia ndani ya hotpoti kubwa yenye maua mekundu ubavuni, jirani wa juu alifungua dirisha.

Pikipiki yangu ni Gold Wing kuukuu, chuma kinachokaribia kilo 400, yenye masanduku matatu ya kubebea mizigo, na hotpoti haikuenea hata katika moja. Ikabidi shemeji aipakate nyuma yangu, ikakaa katikati yetu, nami nikasafiri karibu kilomita 150 katika jua la kiangazi huku kiuno changu kikipata joto la pilau. Abiria aliyewahi kuwa dereva ni mateso makubwa kuliko mvua. Kila lilipotokea lori alinigusa bega la kushoto kuniashiria kwamba nafasi ipo, na kila tulipokaribia kituo cha basi alipunga mkono kwa mazoea, kuona kama kuna mtu anayekwenda.

Barabara namba 33 hupita Marysville, ambako kampuni ya Honda ilitengeneza Gold Wing kuanzia 1980 hadi 2009, na yangu ni mojawapo. Nilifanya kosa la kumtajia jambo hilo. Akasisitiza kwamba si adabu kupita kwa wazazi wa mtu bila kubisha hodi, akanyoosha mkono kupitia ubavuni mwangu, akapiga honi ndefu iliyowashtua wenye magari yote yaliyotuzunguka. Huko Bellefontaine akataka tusimame kabisa, kwa kuwa aliwahi kusoma kwamba mji huo ndio wenye barabara ya kwanza ya zege nchini Marekani, iliyomwagwa mwaka 1891. Marehemu baba yake alifanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha saruji kule Pongwe, na suala la saruji katika ukoo wao si la kufanyiwa mzaha. Akashuka, akaikanyaga zege ile kwa kisigino, akainama kuichunguza, kisha akatoa hukumu kwamba mchanga ulioshwa vizuri. Wapakoneta, alikozaliwa Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga Mwezi, tuliipita bila kusimama. Mwezi ungetusubiri, lakini pilau ilikuwa inapoa.

Mbio za Lima hufanyika katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Allen County, kwenye njia ya mviringo yenye urefu wa nusu maili, yaani mita 800 hivi. Viwanja vingine vingi vya mchezo huu vina udongo unaoshindiliwa mpaka ukawa mgumu na mweusi kwa mpira wa matairi, lakini Lima inasifika kwa jambo jingine kabisa: juu ya njia yake humwagwa kokoto ndogo za mawe ya chokaa, kubwa kuliko choroko na ndogo kuliko njegere, na pikipiki zinapoteleza juu yake huzisukuma kidogo kidogo kuelekea nje, mpaka likatokea tuta laini upande wa ukingoni. Mwanzoni waendeshaji hupita ndani, ambako njia ni fupi. Tuta likishakomaa, wenye roho ngumu hupanda kule nje, kwa sababu ndiko tairi la nyuma linakopata pa kushika, na tairi hilo, likizungushwa na injini ya ujazo wa sentimita 750 za ujazo, halina pa kuzipeleka kokoto isipokuwa nyuma na nje.

Nje ndiko tulikokaa.

Jukwaa kuu lilikuwa limejaa, na shemeji, ambaye riziki yake yote ya zamani ilitokana na kuona upenyo mahali ambapo wengine hawauoni, aligundua kwamba upande wa kutokea kona, karibu na uzio, palikuwa na nafasi tele. Watu waliokaa huko walikuwa wachache, nao walikuwa wamevaa makoti ya mvua ilhali mbinguni hakuna wingu, na miwani mikubwa ya plastiki ya aina wanayovaa mafundi seremala. Pembeni yetu walikuwapo mzee mmoja na mkewe, kila mmoja ameshika kipande kikubwa cha boksi mbele ya kifua. Shemeji akawatazama kwa huruma, akaninong'oneza kwamba uzee nao una mambo yake. Yule mzee, alipotuona mikono mitupu, akatupatia boksi la akiba. Shemeji akalipokea kwa mikono miwili, akamshukuru sana, akalitandika chini, na juu yake akaiweka hotpoti.

Raundi ya kwanza ya mchujo ilimnyamazisha shemeji, jambo ambalo dada yake hajawahi kuliweza. Waendeshaji walikuja kwenye kona kwa mwendo wa kutisha, wakaachia mafuta, wakazigeuza pikipiki ubavu mpaka gurudumu la mbele likawa linatazama upande mmoja na mwili wa pikipiki upande mwingine, huku mguu wa kushoto, uliovikwa kiatu cha chuma chini ya buti, ukiburuzwa ardhini. Wote walipita ndani. Kwetu hakikufika chochote isipokuwa mlio na harufu ya mafuta. Walipomaliza, shemeji akavuta pumzi, akakiri kwamba vijana hawa wangeweza kufanya kazi Tanga, ingawa hakuelewa abiria angekaa wapi, kisha akafungua hotpoti.

Tulipakua kwa utulivu. Yule mzee alianza kutupungia mkono, akielekeza kidole kwenye njia, kisha kwenye sahani zetu, kisha mbinguni. Tukadhani anatutakia mlo mwema, nasi tukampungia vijiko.

Waliotoka katika raundi ya pili hawakupita ndani. Wa kwanza alipanda tutani mbele yetu kabisa, akafungua mafuta, na hapo nikasikia sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu niliponyeshewa mvua ya mawe nikiwa chini ya bati. Kokoto zilipiga uzio, zikapenya, zikapiga kofia, vifua, vijiko na sahani. Katika hali hiyo kila kiumbe hulinda kichwa chake. Shemeji alilinda pilau. Kifuniko kilikuwa mbali, kwa hiyo aliilalia hotpoti kifudifudi, akaikumbatia, akawaachia waendeshaji wa Marekani mgongo wake waufanye watakavyo, na kutoka chini huko nilimsikia akinihimiza kwa sauti ya kukabwa, "Kifuniko, shemeji! Kifuniko!" Mzunguko mmoja wa uwanja ule hauchukui hata nusu dakika. Kila nilipofungua macho na kuanza kutambaa kukifuata kifuniko, walikuwa wamekwisha kurudi, nami nililala tena. Nadhani nilikifikia raundi ilipokuwa ikimalizika, na nilipokigeuza nikakuta kimejaa kokoto pomoni, kwa sababu kilikuwa kimetazama juu muda wote huo.

Shemeji aliinuka taratibu. Alikuwa mweupe kuanzia nywele hadi kope, sura ile ile ya marehemu baba mkwe katika picha moja ya kazini ambayo mama mkwe ameitundika sebuleni kwake. Akatoa kokoto moja mdomoni, akaipangusa, akaitazama dhidi ya taa za uwanjani. "Chokaa hii, shemeji," akasema kwa heshima. "Safi kabisa. Hii ni ya kupikia saruji." Pilau haikunusurika. Mwili wa mtu, hata ukijitolea kiasi gani, ni mwembamba kuliko hotpoti.

Yule mzee na mkewe walikuja kutupa pole, na walipoona tumeanza kuchambua kwa mwanga wa simu, wakavua miwani, wakakaa chini kutusaidia. Ulikuwa msaada wa dhati, lakini haukuwa na mwongozo. Kokoto zilizozama katika mafuta ya pilau zilikuwa zimegeuka rangi, zikafanana na chakula chenyewe, wakati iliki, karafuu na pilipili manga zilionekana waziwazi kuwa ni vitu vigeni. Mzee akazitoa zote, moja baada ya nyingine, akazipanga ukingoni mwa boksi kwa fahari. Mkewe akaongeza vijiti vya mdalasini, akitikisa kichwa kwa mshangao kwamba uwanja unarusha hata vipande vya miti. Kilichobaki, yaani wali, nyama na mawe, wakakitangaza kuwa ni salama. Adabu ilitulazimu kuwapakulia. Mzee akala sahani nzima, akasifu sana, akauliza kile kiungo kinacholia chini ya meno kinatoka nchi gani. Shemeji, ambaye hajawahi kukosa jibu, akamwambia kwamba kiungo hicho ni cha hapa hapa Allen County.

Fainali niliitazama kupitia tundu la boksi. Siwezi kumweleza mtu aliyeshinda ana sura gani, wala pikipiki yake ilikuwa ya rangi gani, kwa kuwa katika kila mzunguko nilifumba macho mara tu alipokaribia, lakini makelele ya jukwaani yalinihakikishia kwamba ushindi ulikuwa wa halali. Shemeji alikuwa amevaa sahani usoni. Mara kwa mara aliishusha kunieleza kwamba yule wa tatu anachelewa kufungua mafuta.

Tulifika nyumbani usiku wa manane, tukidondosha mawe kutoka mikononi mwa makoti. Mama mkwe alikuwa macho akitusubiri. Kabla hatujapata nafasi ya kutunga maelezo, alikwisha kuipokea hotpoti, akaona kimebaki kiasi, akajipakulia kijiko kimoja ili aonje kama kimechacha. Tukasikia mlio. Akatoa jiwe mdomoni, akaliweka kiganjani, akavaa miwani, na uso wake ukanawiri kwa namna ambayo haukuwa umenawiri tangu ashuke ndege. "Nilijua," akasema.

Tulimweleza. Nilimweleza mimi, akamweleza shemeji kwa kuigiza kwa mwili mzima, na mke wangu, aliyeamshwa na ghasia, akamweleza kwa mara ya tatu mambo ambayo hata yeye hakuyaona. Mama mkwe alitusikiliza sote kwa subira, kisha akauliza kama ni kweli tunamwambia, yeye mtu mzima, kwamba pikipiki ndizo zilizotia mawe katika pilau yake, ndani ya hotpoti, yenye kifuniko. Akauleta ungo. Akachambua masalio yote kwa furaha, akayaosha mawe, akayakausha kwa kitambaa, na aliporudi Tanga aliyabeba katika kichupa cha dawa.

Sasa kichupa hicho kiko juu ya kabati la vyombo, na kila mgeni anayefika huonyeshwa mawe yanayotoka katika mchele wa Marekani, meupe na ya duara, tofauti na ya kwetu. Shangazi mmoja wa Ngamiani alinipigia simu juzi kunipa pole kwa chakula tunachovumilia huku, akasema amepata mtu anayesafiri, akaniuliza kama ampe kilo chache za mchele wa Kyela. Nilianza kumweleza habari za tairi la nyuma na tuta la kokoto, nikasikia anaguna. Nikamwambia ampe.